Kufufua bustani ya kando ya mto: anza na alama ya maji

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Kwa miaka 26 nimejenga mitaro, makalavati na kuta za mawe ndani na nje ya Jiji la Arusha. Mtaa ninaoishi unapakana na Mto Themi, na kando ya mto huo tulikuwa na eneo la wazi la mita 45 kwa 130 hivi. Wazee wanalikumbuka likiwa na nyasi, mikuyu na kivuli cha kupumzikia Jumapili. Sisi tuliokuja baadaye tulilikuta ni jalala, kijiwe cha kuoshea toyo, yaani pikipiki, na njia ya mkato ya watoto wa shule. Leo ni bustani, na imeshapita masika kadhaa bila kubomoka.

Hunijia watu wa mitaa mingine, wengine kutoka Moshi, kuuliza tulifanyaje. Wengi huja na picha kwenye simu: benchi, bembea, taa, njia ya pevingi. Nawaomba picha hizo waziweke mfukoni kwanza, twende mtoni. Naandika hapa kwa urefu yale ninayowaeleza tukiwa kule, kwa sababu maeneo ya namna hii yanapotea moja baada ya jingine na inaniuma.

Jua mto wako unatoka wapi

Kilele cha Mlima Meru kiko mita 4,562 juu ya usawa wa bahari. Mji wetu uko kwenye mita 1,400 hivi. Ukipima kwenye ramani, kutoka kileleni hadi katikati ya mji ni kilomita 15 tu. Maana yake maji yanateremka zaidi ya mita 3,000 kwa umbali mfupi sana, na hayateremki peke yake. Yanakuja na mchanga, magogo na mawe. Ndiyo maana mto wa Arusha unaweza kukujia umejaa huku juani kwako nguo zimeanikwa: mvua imenyesha juu, wewe hujasikia hata tone.

Sisi tuko mahali ambapo mto unaanza kutulia kabla ya kuendelea kusini kwenda Kikuletwa, halafu Bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu Pangani. Mto unapotulia ndipo unapotua mizigo yake, na ndipo unapotaka kutanuka. Eneo tambarare la kando ya mto limetengenezwa na mto wenyewe kwa kazi hiyo. Ukilichora kana kwamba ni kiwanja cha kawaida kilichokaa karibu na maji, umekosea kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Tafuta maji yalifika wapi

Usianze na mpima ardhi. Anza na mtu aliyewahi kuokoa vitu usiku.

Kwetu alikuwa bibi mmoja mwenye genge la mboga hatua chache kutoka mtoni. Nilimkuta anafunga mafungu ya mnafu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Bibi, maji yakijaa huwa yanafika wapi hapa?”

Hakuniambia “yanafika hapa.” Aliinuka, akagusa rafu ya pili ya genge, ile anayopanga nyanya. “Haya ya juzi juzi yalifika hapa. Ndoo iliondoka, mzani ukabaki.” Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye ukuta wa jiko lake la zamani. Akahesabu matofali kutoka chini kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. “Mwaka wa Elinino yalifika hapa. Mume wangu alikuwa hai, alitia alama kwa mkaa.” Mkaa ulikuwa umefutika kwa kupigwa chokaa, lakini kidole chake kilisimama palepale mara mbili nilipomwomba arudie.

Kwa hiyo nilipata alama mbili kwa bibi mmoja: ya mafuriko yanayorudi kila baada ya miaka michache, na ya yale makubwa ya mvua za 1997 na 1998. Zote mbili unazihitaji, na usiridhike na mtu mmoja. Tafuta watatu au wanne, kila mmoja akuonyeshe mahali pake mwenyewe. Halafu linganisha na ushahidi usiosema: mifuko ya plastiki na matambara yaliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye nguzo, magome ya mti yaliyochubuliwa na magogo. Kwenye mkuyu wetu mkubwa kulikuwa na pampasi imenasa juu ya kichwa changu. Niliipima ilipo kabla ya kuitoa.

Sasa hamisha alama hizo ziingie ndani ya eneo lako. Kama una mpima ardhi mwenye vifaa, vizuri. Kama huna, tumia mpira wa maji, ule mweupe wa mafundi uashi. Wetu ulikuwa wa mita 20. Ujaze maji taratibu hadi mapovu yote yatoke, maana povu moja likibaki katikati kipimo kinadanganya. Mmoja ashike ncha yake kwenye alama ya bibi, mwingine atembee na ncha ya pili hadi kwenye kigingi. Msubiri maji yaache kucheza. Pale yalipotulia, piga mstari kwenye kigingi, funga kitambaa chekundu, hamia kigingi kinachofuata.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Maji ya ndani ya mpira yako levo, lakini maji ya mto unaokimbia hayako levo. Yanateremka pamoja na mto. Kwa hiyo alama ya genge la bibi inafaa kuvukishwa kwenda mtoni na kurudi, siyo kubebwa mita 100 kwenda juu. Ukienda juu, tafuta alama nyingine ya huko. Sisi tulipata sehemu tano kwa urefu wa eneo lote, tukaziunganisha kwa kamba.

Tulipomaliza, jioni, eneo lote lilikuwa na vigingi na vitambaa vyekundu. Watu wakashuka kuangalia. Pale ambapo mchoro wa zamani ulikuwa umeweka bembea za watoto, kitambaa cha Elinino kilikuwa juu ya kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama chini yake. Kina mama waliliangalia lile jambo kwa muda mrefu. Sikulazimika kueleza chochote siku ile, na mkutano wa mtaa uliofuata ulikuwa mfupi.

Makaratasi na watu waliopo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengi wanaisikia kama adui. Kwa bustani ni rafiki, maana ndiyo inayokuwezesha kumjibu mtu anayetaka kujenga ukumbi au baa ya zege “kidogo tu pale pembeni.” Nyasi, miti, njia ya udongo na uwanja wa watoto havigombani na mto. Jengo linagombana.

Nenda kwanza ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukaone mchoro: je, eneo limeandikwa kuwa la wazi, na mawe ya mpaka yako wapi? Kama mawe hayaonekani, yafufuliwe kabla ya kazi yoyote, la sivyo utapanda miti na jirani atasogeza ua. Kugusa kingo au mkondo wa mto kunahitaji Bodi ya Maji Bonde la Pangani ihusishwe tangu mwanzo. Makao yake ni Moshi. NEMC, baraza la taifa la mazingira, watakueleza kama kazi yako inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Mitaro ya barabara za mtaa inayomwaga kwenu ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na uliza mamlaka ya maji kama kuna bomba la majitaka bondeni, kwa sababu mabomba hayo hufuata mabonde. Chemba iliyofukiwa chini ya nyasi itakuja kujifunua yenyewe siku mbaya.

Watu waliopo nao ni sehemu ya mradi. Vijana waliokuwa wakiosha toyo mtoni hawakuwa wahalifu, walikuwa wanatafuta riziki. Tuliwapa kipande juu, karibu na barabara, chenye sakafu ya zege na shimo la kunasa oili na tope kabla maji hayajashuka. Kijana mmoja kati yao ndiye leo anayekagua kalavati kila Jumamosi. Kama tungewafukuza, nina hakika angekuwa anaosha toyo usiku.

Ukuta ulioanguka

Nasimulia hili kwa sababu nilikuwepo.

Miaka ya nyuma, kabla ya bustani hii, eneo hili hili lilipata fedha za “kuboresha.” Mkandarasi alijenga ukuta wa mawe na saruji, mnyoofu, mita 45 kwa urefu, mita 2 kwenda juu, kando kabisa ya maji. Nyuma yake wakajaza kifusi na kupanga pevingi. Mimi nilikuwa msaidizi kwenye saiti, nilihesabu tripu za mawe. Msingi ulikwenda sentimita 40 chini ya kitanda cha mto. Niliona ni mfupi, nikasema mara moja, nikaambiwa mchoro ndivyo unavyosema. Sikusema mara ya pili, na hadi leo nalijutia hilo.

Masika ya kwanza ukuta ulisimama na watu wakapiga picha. Masika ya pili ulianguka usiku, vipande vitatu virefu, vyote vikilalia mtoni. Asubuhi nilishuka kuangalia. Mawe yalikuwa bado yameshikana, saruji nzuri kabisa, hakuna ufa wa uzembe. Tatizo lilikuwa chini. Maji yaliyozoea kutanuka yalibanwa. Yalipobanwa yakaongeza kasi. Yalipoongeza kasi yakaanza kuchimba. Kitanda cha mto kilishuka chini ya msingi, ukuta ukabaki unaning’inia, kifusi kilicholoa nyuma yake kikamalizia kuusukuma. Na ng’ambo ya mto, jirani ambaye hakuulizwa lolote alipoteza mita 3 za shamba lake pamoja na choo. Mafuriko yalikuwa yamehamishiwa kwake.

Tangu hapo nina masharti matatu ambayo sitoki kwayo. Mto usifinywe. Kinga yoyote ya kingo iwe na mguu unaoweza kushuka pamoja na kitanda cha mto. Na mchoro uoneshe pande zote mbili, siyo upande wetu tu.

Chora bustani kwa vina vitatu

Wenzetu wamelifanya hili kwa ukubwa kuliko sisi. Singapore wana bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege wa kilomita 2.7, waliuvunja, wakauacha mto ujipinde kwa kilomita 3.2, na bustani ikafunguliwa mwaka 2012. Siku za kawaida watu hukaa kwenye majani kando ya maji. Mvua kubwa ikija, majani yale yale hugeuka kuwa mto. Dar es Salaam nao, mradi wa bonde la Msimbazi umebeba wazo hilo hilo pale Jangwani: maji yapanuliwe njia, daraja liinuliwe, bonde liwe bustani ya mji. Sisi hatukuwa na fedha za hivyo, tulikuwa na vitambaa vyekundu. Wazo ni lile lile.

Kina cha chini ni ukanda wa mita 10 hadi 12 kutoka majini. Huu unazama kila masika, pengine mara kadhaa. Hapa hakuna benchi, hakuna bembea, hakuna taa. Ni matete, nyasi za vetiva, mawe makubwa ya kukalia ambayo mto hauyawezi, na njia ya udongo. Tulikwangua kingo iliyokuwa wima tukailaza, mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kwenda juu. Kazi hiyo peke yake ilirudishia mto upana uliokuwa umefukiwa na takataka za miaka, na ndiyo iliyotugharimu jasho zaidi: malori na malori ya uchafu.

Kina cha kati ni uwanja wa watoto, tulioushusha kwa makusudi. Upana mita 25, urefu mita 40, kina sentimita 60. Ngoja nikupe hesabu yake, maana ndiyo iliyowafanya watu waukubali. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la nyumba ya mita 10 kwa 12 likipigwa na mvua ya milimita 50, linamwaga lita 6,000. Nyumba 100 zinamwaga lita 600,000, yaani maboza 60 ya lita 10,000, yote yakikimbilia mtaro mmoja kwa wakati mmoja. Uwanja wetu ukijaa unabeba kiasi hicho hicho, mita za ujazo 600, ukiacha kinachopotea kwenye miteremko ya pembeni. Mtaro wa mtaa sasa unaingia uwanjani kwanza, unapumzika, halafu unatoka polepole kwa bomba la sentimita 20 lenye kifuniko cha bawaba, ili mto ukipanda usirudi ndani kupitia humo humo.

Nisikudanganye: Themi ikijaa sawasawa, mita za ujazo 600 ni kidogo sana kwake. Uwanja hauzuii mto. Unazuia maji ya mapaa na barabara zetu yasifike mtoni saa ile ile ambayo maji ya mlimani yanafika. Hilo linatosha kuokoa vyumba vya chini vya majirani kwa mvua nyingi za kawaida. Hakikisha uwanja unakauka ndani ya siku moja au mbili. Maji yakikaa wiki, umefuga mbu na wazazi wataulaani mradi wako. Kitanda chake kiwe na mteremko mdogo kuelekea bombani, sentimita 1 kwa kila mita 1, na chini ya nyasi weka tabaka la mchanga mkubwa.

Kina cha juu kiko nusu mita juu ya alama ya Elinino. Hapa ndipo picha ya kwenye simu yako inaruhusiwa kutoka mfukoni: benchi, choo, taa, bembea, kibanda cha mlinzi. Kwetu ni ukanda mwembamba kando ya barabara, na watu walilalamika kuwa ni mdogo. Ni mdogo kweli. Lakini hakuna benchi lililoondoka.

Gabioni, pale tu zinapohitajika

Gabioni ni masanduku ya waya yanayojazwa mawe. Hatukuyaweka mto mzima. Tuliweka mahali pawili: kwenye kona, upande wa nje ambako maji hupiga, na pale mtaro unapomwaga. Kwingine mizizi inatosha.

Sanduku la kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1. Kabla ya masanduku, tandika godoro la mawe lenye unene wa sentimita 30, litokeze kuelekea mtoni mita 2 au zaidi mbele ya ukuta. Huo ndio mguu. Maji yakichimba mbele, godoro linajikunja na kushuka kufunika shimo, ukuta unabaki. Wapunguza gharama watakuambia uliondoe kwa kuwa “halionekani.” Ni afadhali upunguze sanduku la juu.

Chagua mawe meusi mazito. Arusha tuna mawe mengi mepesi yenye matundu, yanapakiwa upesi na bei yake inavutia, lakini yanaliwa na maji. Gonga mawili: jiwe zuri linalia, bovu linatoa mlio wa kukauka kama gunzi. Lisiwe dogo kuliko tundu la waya, ambalo ni sentimita 8 kwa 10, wala kubwa kupita sentimita 25. Na yapangwe kwa mkono, uso kwa uso, kama unajenga. Nimeona vibarua wakimwaga kwa toroli na kukanyaga juu. Sanduku la namna hiyo huvimba tumbo baada ya mwaka. Ukifika theluthi ya kimo, funga waya wa kuvuta uso wa mbele na wa nyuma. Ukifika theluthi ya pili, funga tena. Nyuma ya masanduku weka kitambaa cha kuchuja, ili maji yapite na udongo ubaki. Bila kitambaa hicho, utaona bustani inazama nyuma ya ukuta uliosimama vizuri.

Kazi zote za mtoni zifanyike kati ya Julai na Oktoba, mto ukiwa chini. Mwenzangu mmoja aliahirisha hadi Novemba akisubiri waya, vuli ikamkuta na shimo wazi.

Mizizi

Vetiva ipandwe kwa mistari inayokatiza mteremko, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15. Ukiacha nafasi pana, maji yanatafuta mlango. Mizizi yake inashuka wima na kufika hata mita 3, haitambai kwenda kwa jirani. Juu ya vetiva panda mikuyu na miringaringa. Mikaratusi usilete kando ya mto hata ukipewa miche bure. Mijakaranda inapendeza na Arusha inajulikana kwayo, iweke kina cha juu.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau: usiweke bomba la kunywa linalotoka mtoni au kwenye chemchemi ya pembeni. Maji mengi ya mitelemko ya Meru yana floraidi nyingi, na meno ya watoto wetu yanaonyesha.

Kalavati na filimbi

Upande wa chini wa bustani yetu, mto unakoelekea, kuna kalavati ya barabara. Ikizibwa, kila nilichoandika hapo juu hakina kazi; bustani inageuka bwawa ndani ya dakika chache. Tuliweka chujio la nondo mita 15 kabla ya kalavati, limelazwa mteremko ili takataka zipande juu yake badala ya kuziba, na pembeni kuna ngazi ya mtu kushuka na reki. Usiweke chujio kwenye mdomo wenyewe wa kalavati. Likijaa, mtu atatumwa kulizibua maji yakiwa yanavuta, na atakufa.

Aprili 2024, hapa hapa Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua korongoni na watoto wakafa. Sijasahau, na sitaki mtu yeyote anayejenga karibu na maji asahau. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanabeba gari. Kwa hiyo bustani iwe na njia ya kutokea isiyopitia chini. Kwetu, kutoka popote uwanjani, mtoto anapanda ngazi pana bila kuvuka mtaro. Tulipima kwa watoto wenyewe: mlinzi alipiga filimbi, nikahesabu. Mara ya kwanza sekunde 50, kwa sababu wawili walirudi kuchukua ndala. Tumewafundisha waache ndala.

Nguzo ya zege iko mtoni imepakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Maji yakigusa njano, filimbi inapigwa na uwanja unafungwa, hata kama juu yetu ni jua kali. Tuna namba ya simu ya mwenyekiti wa mtaa wa juu, na yeye hutupigia mto ukibadilika rangi. Ni simu moja, na hutupa muda wa kutosha wa kuwatoa watoto wote. Utabiri wa masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausoma kwenye mkutano wa mtaa wa Februari, na siku hiyo hiyo tunapanga zamu za chujio.

Zamu zinahitaji chakula. Kikundi cha vijana wetu kinapata kidogo kutokana na ushuru wa choo na eneo la kuoshea toyo, na wameomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanunue toroli, viatu vya mpira na mashine ya kukata nyasi. Andika matunzo kwenye makadirio tangu siku ya kwanza. Mfadhili akisema hatoi fedha za matunzo, punguza ujenzi.

Asubuhi baada ya mafuriko

Nenda mapema, kabla watoto hawajaingia. Anza na kingo: tembea taratibu ukipiga chini kwa fimbo. Mlio wa utupu maana yake maji yamekula chini, zungushia kamba. Angalia mguu wa gabioni kama umejikunja. Ukijikunja usiogope, umefanya kazi yake, lakini pima umeshuka kiasi gani na uandike. Fungua kifuniko cha bomba la uwanja kwa mkono uone kama kijiti hakijakibana. Kisha nenda kwenye nguzo, piga mstari wa rangi pale maji yalipofika, andika tarehe kando yake. Nguzo yetu sasa ina mistari sita, na wa tatu ndio ulio juu kuliko yote.

Tope la uwanjani liache siku mbili likauke kidogo, lishike kama ugali uliopoa, ndipo mlikwangue kwa chepe. Likiwa bichi linarudi, likikauka kabisa linang’oa nyasi. Usilitupe mtoni. Chambueni vioo na plastiki, lirundikwe kwenye kina cha juu, na kufika vuli litakuwa tayari kwa vitalu vya miche. Bibi wa genge huja na ndoo zake mbili kuchukua la mnafu.